Kaburi Lisilo na Chungu

Maharage ndiyo yaliyomsimamisha Sajini Sebarenzi.

Alikuwa ametembea tangu barabara ilipoishia, kofia imelowa jasho, na kitu cha kwanza alichokiona pale Kabunde, kabla ya shule na kabla ya mtu yeyote, kilikuwa shamba la maharage. Yalipandishwa juu ya miti mirefu, miwili miwili, vichwa vimeinamishwa pamoja na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Hivyo ndivyo wanavyopanda kule juu, kwenye milima ya Masisi. Lakini huku ni msituni, ng'ambo ya Buleusa, katika teritware, yaani wilaya, ya Walikale. Huku watu wanalima mpunga, muhogo na ndizi, na hakuna mwenye akili zake anayekata miti yote hiyo kwa ajili ya mmea usiopenda joto. Maharage yenyewe yalikuwa yamegoma: majani tele, ganda hata moja hakuna. Miti iliyoyabeba ndiyo iliyokuwa imechipua.

"Mama Mukagasana," aliita bila kugeuka. "Kuya uangalie hii."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alitua kibuyu chake cha maziwa chini, akashika fundo moja kwa vidole, akalivuta.

"Hii mikono ni ya kwetu," alisema. "Batu ya huku habafungake vile."

"Njo vile naona."

Mukagasana alikuwa mjane wa kilima kimoja karibu na Kashuga, na alikuwa amechoka kudanganywa. Binti yake wa pekee, Adelaïde, alisoma na kulala katika shule ya misioni ya Rwamikeri. Likizo ilipofika watoto wengine walirudi makwao, Adelaïde hakurudi. Wenzake wa bwenini waliambiwa kwamba aliugua akapelekwa nyumbani. Nyumbani waliambiwa kwamba alitoroka shuleni akapanda lori kwenda Goma kutafuta kazi kwa wazungu. Aliyesema yote mawili ni mtu mmoja, Direkta Théogène, mkuu wa shule hiyo, na aliyasema kwa sauti ileile ya upole, huku akifuta miwani yake.

Dereva wa lori hilo, Nzabandora, alikuwa amefungiwa Masisi kwa wizi wa mtoto, mdomo umevimba, kwa sababu neno la direkta lilitosha. Kwa Sebarenzi halikutosha. Direkta alikuwa amemkabidhi mama gauni la Jumapili la binti yake lililobaki bwenini, eti kumfariji. Tangu lini mtoto anayekwenda mjini anaacha gauni lake zuri? Sajini akarudi kwa dereva, akampa maji, akamwuliza tena bila fimbo. Nzabandora akalia.

"Sikuiba mutoto moja, Papa Sajini. Nilibeba lori muzima ya batoto. Direkta njo alinituma. Nikabashusha kule barabara inaisha, upande ya Buleusa. Alisema banaenda kuimbia Inspekta."

Kuimbia Inspekta! Hapo ndipo Sebarenzi alipoanza kuelewa, na hapo ndipo hasira yake ilipopata mahali pa kukaa. Kila mtu wa milima hiyo alijua jinsi shule zile zinavyoendeshwa. Misioni ina shule moja kubwa ya matofali, na chini yake vishule vya udongo vimetawanyika msituni, kila kimoja na mwalimu wake mmoja. Inspekta wa kizungu anapita mara moja kwa mwaka. Akikuta watoto, shule inaishi. Akikuta viti vitupu, shule inafungwa, mwalimu anarudishwa kushika jembe, na direkta aliyepoteza shule zake hawi direkta tena. Basi. Mtoto katika mpango huo ni kitu cha kujazia benchi.

Mama alikataa kubaki Masisi. Alisema mtoto wake akipatikana atakuwa na njaa, akabeba kibuyu. Sebarenzi hakuwa na moyo wa kumbishia.

Kutoka darasani ilisikika sauti ya mwalimu akiita majina. Sajini alisogea dirishani, ambalo lilikuwa tundu tu ukutani, akatazama. Mabenchi yalijaa chumba mpaka nyuma. Watoto walijaza benchi la mbele, na la pili halikufika nusu.

"Émile!"

"Prezan!" mtoto mmoja alijibu, akasimama.

"Godelieve!"

"Haiko!" waliitikia wote kwa pamoja, kwa nguvu, kama walivyofundishwa kumjibia asiyekuwepo.

"Céline!"

"Haiko!"

"Jean-Bosco!"

"Haiko!"

Ilikuwa haiko baada ya haiko. Watoto wenyewe waliifurahia, maana ndiyo sehemu ya somo waliyoijua vizuri. Mwalimu aliinua macho, akaona kofia ya polisi dirishani, akafunga daftari kabla ya jina lililofuata.

Alitoka nje akijipangusa chaki. Hilaire alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na alitabasamu mapema mno.

"Karibu, Papa Sajini. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Batoto bako wapi?"

"Bengine bako na bapapa yabo mu pori. Ni wakati ya kutega nyama."

"Na maharage nani alipanda?"

"Banafunzi. Ni somo ya kilimo."

"Nani alibafundisha kufunga miti ile namna?"

"Miye."

"Weye ni mutu ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

"Basi nifungie moja nione."

Sebarenzi alichomoa miti miwili, akamtupia pamoja na kamba. Hilaire aliizungusha kamba, akaifungua, akaizungusha tena. Miti ikamwangukia miguuni. Mukagasana aliiokota, akaifunga mara moja, akaisimamisha udongoni.

Tabasamu la mwalimu likaondoka. "Huku ni Walikale," alisema. "Weye ni polisi ya Masisi. Uko na barua ya Administrateur ya huku?"

"Natafuta mutoto ya Masisi. Kama haiko hapa, nitarudia njia yangu na utanisahau. Tutembee kidogo, mwalimu."

Hakumshika mkono. Alimtanguliza tu, wakazunguka darasa, wakapita kikanisa, mpaka kwenye makaburi. Sebarenzi alikuwa amekwisha kuyaona kutoka shambani na alitaka kuyaona akiwa na Hilaire kando yake. Yalikuwa machache, yenye misalaba ya miti, na juu ya kila moja palikuwa na chungu kilichovunjwa. Chungu cha nyumbani, chenye masizi ya moto wa kweli. Kaburi moja jipya halikuwa na kitu. Udongo wake ulikuwa bado haujalala, na msalaba wake ulikuwa umepakwa chokaa vizuri kuliko yote. Uliandikwa JOSÉPHINE-MARIE.

"Huyu ni nani?"

"Munafunzi yangu. Alikufa na homa. Musiwu Inspekta mwenyewe alikuwa hapa, akamupa dawa ya kinini, akaona vile anakufa. Na kwa maziko alisali pamoja na siye. Kama unabisha, umuulize."

Alimtaja Inspekta kwa ujasiri. Ndiyo ngao yake, Sebarenzi aliwaza. Mzungu ameona, nani atauliza tena?

"Mama yake iko?"

"Alihama."

"Mbona hakuacha chungu?"

"Ah, Papa Sajini. Siye ni bakristo. Ile mambo ya vyungu ni ya bazee ya zamani."

"Na kaburi hii?" Sebarenzi alielekeza kidole kwenye lile la jirani, lenye chungu kikubwa kilichopasuliwa katikati. Msalaba wake nao ulikuwa na maandishi, kwa mkono uleule uliozoea kuandika ubaoni. MAMA YA MWALIMU.

"Mama yako hakuwa mukristo?"

Hilaire alirudi nyuma hatua moja.

"Ninyi wote hapa, akifa mutu yenu, mama ao dada analeta chungu yake anavunja. Ata weye mwenye shati nyeupe ulifanya vile. Lakini huyu mutoto hakuna hata mwanamuke moja alitoka mu nyumba na chungu. Kijiji muzima! Juu ya nini, mwalimu? Hakuwa na mutu?"

Mukagasana alikuwa amesimama nyuma kidogo, kibuyu kifuani. Alikuwa akilitazama lile kaburi, na Sebarenzi hakupenda jinsi alivyolitazama. Alitaka kumwambia aende akakae kivulini. Lakini mama huyo alikuwa amefichwa mambo ya kutosha.

Nyumba ya karibu ilikuwa upande wa pili wa njia. Mama mmoja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na tangu walipofika makaburini hakuinua kichwa hata mara moja. Mtu ambaye polisi wanasimama mbele ya ua wake na hatazami, huyo anaona kila kitu. Msichana mdogo alitokea nyuma ya nyumba na kuni kichwani.

"We!" mama aliita. "We mutoto! Rudi kule nyuma!"

Sebarenzi alivuka njia. "Jambo, mama. Unaitwa nani?"

"Agathe."

"Na huyu mutoto, jina yake?"

Mchi ulisimama hewani.

"Haina jina," alisema Agathe.

"Mutoto mukubwa vile, haina jina?"

"Iliisha."

"Mama Agathe!" Hilaire alipaza sauti. "Chunga mudomo yako! Unajua nilikuambia nini!"

Sebarenzi aligeuka polepole. "Ukisema neno lingine bila kuulizwa," alimwambia, "nitasahau kama huku ni Walikale."

Lakini si yeye aliyemfungua Agathe. Mukagasana alipita mbele yake, akainama, akaweka kibuyu chini karibu na kinu. Wanawake wawili wakatazamana.

"Dada," alisema Mukagasana, "nimetoka mbali. Nilikuwa na mutoto moja tu. Nilimupeleka kwa masomo. Kama unajua, uniambie. Hii njia yote nilikuwa najipanga kusikia."

Agathe aliuacha mchi ukaanguka. Sauti iliyomtoka haikuwa ya huzuni hata kidogo. Ilikuwa ya hasira iliyofungiwa ndani kwa muda mrefu.

"Bamemuzika mutoto wangu na iko muzima!" alipiga kelele, kidole kwa Hilaire. "Huyu! Huyu kijana nilibeba mugongoni wakati mama yake alikuwa mugonjwa! Joséphine-Marie njo yule, iko na kuni kichwani! Jina yake iko ndani ya udongo, siwezi kumuita tena. Nikimuita, nani anaitika? Ule wa chini ao ule wa juu? Tangu siku ile namuita we, we, sawa vile mbuzi!"

"Uliza kwanza juu ya nini mutoto yake hakuwa darasani!" Hilaire alifoka. "Balikatalia batoto yabo, bote!"

"Tulibakatalia, ndiyo! Juu hukubafundisha! Asubuhi mpaka jioni ulibapeleka kukata pori, kulima mupunga yako na ya Théogène. Mutoto anarudi na malengelenge kwa mikono, unamuuliza herufi a, haijui. Siye tukasema basi, kama ni jembe, ata hapa nyumbani iko."

Sebarenzi aliona mambo yote yakijipanga. Mpunga, mabenchi matupu, lori, maharage. Hakuna hata kimoja kilichohitaji akili nyingi. Yalihitaji tu mtu wa kushuka mpaka huku na kutazama, na kwa muda wote huo hakuna aliyeshuka isipokuwa kuimbiwa.

"Kaa chini, mwalimu," alisema.

Hilaire alikaa kwenye gogo. Shati lilikuwa limemgandama mgongoni.

"Inspekta alikuwa anakuja, na darasa haina batoto. Ukamuambia nani?"

"Direkta."

"Akasema nini?"

"Akasema atanipa bake. Ba Rwamikeri. Tutabaleta siku kidogo mbele ya Inspekta kufika, bajifunze." Alimeza mate. "Inspekta iko na majina ya banafunzi ya Kabunde. Basi kila mutoto akapewa jina moja ya hapa. Ukisikia jina ile, unasimama, unasema prezan. Ni hivyo tu. Ilikuwa siku moja tu, kisha barudi."

"Na haikuwa siku moja."

"Mvua ilikata barabara. Inspekta akachelewa. Batoto bakangoja, bakalala mu darasa. Nikabapa kazi ya shamba, juu Inspekta anapendaka kuona shamba. Bakapanda vile banajua."

Na joto likawala, na mbu wakawala, watoto wa milimani ambao hawajui homa ya msitu. Sebarenzi alikuwa amekwisha kuiona mikono yao midogo kwenye yale mafundo. Alijizuia asimpige mtu aliyekaa chini.

"Adelaïde alipewa jina gani?"

Hilaire alitazama kaburi.

"Aligonjwa mbele, Inspekta hajafika?"

"Mbele. Nilituma mutu kwa Direkta. Akajibu asiondoke hata mutoto moja, benchi ikibaki wazi itaonekana."

"Inspekta alifika, ukamuita, akasimama?"

"Bengine bawili balimushika. Akasema prezan. Kisha akaanguka. Benzake balirudishwa na lori jioni ile, bakaambiwa yeye anapelekwa nyumbani."

Agathe alikuwa amemshika Mukagasana mkono.

"Na mu homa," Sebarenzi aliendelea, maana swali hili lilikuwa limemkaa rohoni tangu makaburini, "huyu mutoto hakusema kitu? Mzungu alikaa kando yake, akamupa kinini. Hakumuuliza jina?"

Mwalimu aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Nakuuliza."

"Alimuuliza."

"Akajibu nini?"

"Alisema Adelaïde. Alisema mara mingi. Adelaïde, ya Mukagasana, ya Kashuga." Sauti ya Hilaire ilikuwa imekwisha. "Nikamuambia Inspekta ni homa. Anaita rafiki yake."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtoto alijitaja. Akiwa anakufa alisema yeye ni nani, mtoto wa nani na wa wapi, mbele ya mtu mkubwa aliyeweza kumpakia kwenye gari lake na kumfikisha hospitali. Na kijana huyu mwenye shati lililopigwa pasi alisimama katikati akatafsiri. Sebarenzi alikuwa ameshika kesi za mapanga na za sumu, na hakukumbuka nyingine iliyomchukiza kama hii.

"Simama," alisema. "Utatembea mbele yangu mpaka Masisi. Kule Nzabandora atatoka mu chumba ile na weye utaingia. Na Direkta wako, njo atafuta miwani yake vizuri asome vile nitaandika."

"Huna ruhusa ya..."

"Simama!"

Hilaire alisimama. Agathe alikuwa amekwisha kuvuka njia. Aliushika ule msalaba mweupe kwa mikono miwili, akautikisa kushoto na kulia kama mtu anayeng'oa muhogo, akautoa, akautupa vichakani. Kisha akageukia nyumba yake, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni:

"Joséphine-Marie!"

Msichana alichungulia nyuma ya ukuta, macho makubwa, kana kwamba hakuamini kuwa ni yeye.

"Niko hapa, Mama," alisema.

"Kuya! Leta chungu yangu. Ile ya nyama, kubwa."

Chungu kililetwa, cheusi kwa masizi. Agathe alimpa Mukagasana. "Siye huku, mama njo anavunja," alisema. "Yako iko mbali. Chukua hii."

Mukagasana alikipokea. Alisogea mbele ya udongo ule usio na jina, na Sebarenzi alidhani angelia sasa. Lakini alipogeuka, macho yake yalikuwa makavu, na hakumtazama yeye. Alimtazama mwalimu.

"Muite," alisema.

"Mama?"

"Wa mwenzangu ameitwa, ameitika. Nimesikia. Weye njo unaita majina hapa kila siku. Muite na wangu."

Hilaire alimtazama Sajini. Sajini alikuwa akitazama pengine.

"Adelaïde," alinong'ona.

"Hapana vile. Vile unaita mu darasa."

Mwalimu alifumba macho. Sauti ilimtoka ya kazini, ile ya kila asubuhi, ikapita juu ya makaburi, juu ya kikanisa, juu ya maharage yasiyozaa.

"Adelaïde!"

Watoto wake wachache walikuwa wametoka nje kutazama, wakajipanga kando ya ukuta kama walivyozoeshwa wageni wanapofika. Hawakuwa wamefuata maneno ya watu wazima. Walisikia tu mwalimu akiita jina, na kimya baada yake. Wakajibu wote kwa pamoja, kwa nguvu, kwa furaha ya kulijua somo.

"Haiko!"

Mukagasana aliinua chungu kwa mikono miwili, akakivunja juu ya kaburi.